Mlango unauma: kisa cha boksi la umeme kwenye jiko la pombe, Naliendele

"Fundi, mlango unauma."

Maneno hayo ya mama kwenye simu niliyaandika kwenye daftari kama yalivyo. Hakutaja sufuria, pampu wala koili. Alitaja mlango wa boksi la umeme. Mtu akipigwa na umeme mara nyingi husema "mashine ina shoti" na kukuachia uhangaike na mashine nzima, lakini huyu alikuwa ameshaigusa sehemu moja baada ya nyingine kwa wiki kadhaa na kujua ipi inauma na ipi haiumi. Nilimwomba azime umeme kwenye meini swichi, asiguse kitu chochote pale jikoni mpaka nifike. Akaniambia ameshazima tangu asubuhi, kwa sababu safari hii mlango haukuuma tu, ulimtupa chini.

Anaishi upande wa Naliendele, kwenye barabara ya Newala, nyuma ya mikorosho. Ilikuwa Novemba, korosho zinaokotwa na harufu ya mabibo imejaa kila uwanja. Wengi kipindi hicho hutengeneza uraka, pombe ya mabibo, ambao hauhitaji moto. Mama huyu anapika pombe ya mtama, na pombe ya mtama inataka moto wenye kipimo: kimea kikae kwenye joto la karibu nyuzi 65 kwa muda, kisha maji yake yachemke sawasawa. Kuni zinamchosha na moshi unamuumiza macho. Mtoto wa kaka yake, kijana aliyesoma mambo ya umeme kidogo, akamtengenezea jiko la umeme: sufuria la stenlesi la lita 60, koili mbili za kilowati 3 kila moja, pampu ndogo ya kuzungushia maji, na boksi la chuma ukutani lenye swichi, taa mbili na kidhibiti joto chenye namba nyekundu.

Niseme wazi kwamba kazi ya yule kijana haikuwa ya hovyo. Koili mbili za kilowati 3 kwenye volti 230 zinavuta ampea 26, na yeye hakuthubutu kuzichomeka kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13. Alivuta kebo ya milimita za mraba 6 kutoka kwenye meini, akaiwekea sakiti breka yake ya ampea 32. Waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, aliuleta mpaka ndani ya boksi akaufunga kwa boliti kwenye mgongo wa boksi. Sufuria, stendi ya chuma na pampu navyo alivipa ethi. Ukikagua kwa haraka utasema kila kitu kipo.

Kilichokosekana ni sentimita arobaini za waya.

Nilipofika nilimsalimu mama, nikamuuliza kwanza hali yake kabla ya mashine. Mkono wa kulia ulikuwa mzito na bega linauma. Alikuwa ameshakwenda zahanati wakamsikiliza moyo, nami nikashukuru, kwa sababu mtu aliyepitiwa na umeme kifuani hapaswi kulala nyumbani akijiona mzima. Akanionyesha alivyosimama: mkono wa kushoto ameshika mpini wa sufuria kwa kitambaa chenye unyevu, mkono wa kulia ananyoosha kuzima swichi iliyopo mlangoni. Kiganja kikagusa bati la mlango.

"Siku za nyuma ulikuwa unatekenya tu, mwanangu," akasema. "Nikadhani ni jasho."

Kutekenya kule kulikuwa na sababu. Alikuwa amevaa ndala kavu, juu ya sakafu ya saruji, na hakuwa ameshika kitu kingine cha chuma, kwa hiyo mkondo haukuwa na njia nzuri ya kupita mwilini mwake. Siku ya ajali alikuwa ameunganisha vitu viwili kwa mikono miwili: mlango wenye umeme na sufuria lenye ethi. Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo, maana watu wengi hulifikiria jambo hili kinyume. Sufuria kuwa na ethi ni sahihi na ni lazima. Lakini ukizungukwa na vyuma vyenye ethi nzuri halafu chuma kimoja kikaachwa peke yake bila ethi, hicho kimoja kinakuwa hatari kuliko ambavyo kingekuwa chumbani peke yake, kwa sababu sasa mkono wako wa pili umeshika njia ya kurudi ardhini, na njia yenyewe inapita kifuani. Mwili wenye mikono iliyolowa unaweza kuwa na ukinzani wa kama omu 1,000 tu. Gawanya volti 230 kwa hapo utapata zaidi ya milliampea 200. Kuanzia milliampea 30 na ushee, mkondo ukikaa kifuani, moyo uko hatarini. Kitambaa alichoshikia mpini ndicho kilichomsaidia.

Nilifungua boksi umeme ukiwa umezimwa, na nikahakikisha kwa mita kwamba umezimwa kweli. Kosa la kwanza lilionekana kwa macho. Nyaya za kwenda mlangoni zilipita upande wa bawaba, zimefungwa pamoja, zimevutwa mno bila kuachiwa nafasi ya kukunjika. Zilikuwa nyaya za uzi mmoja mgumu, zile za kuzika ukutani. Waya wa namna hiyo haupendi kukunjwa kila siku, na kwenye mlango unaofunguka unatakiwa waya laini wa nyuzi nyingi. Kila mlango ulipofungwa, waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, ulisuguliwa na ukingo wa bati. Ganda lilianza kwa mkwaruzo, mvuke wa sufuria ukaingia, mlango ukaanza kutekenya. Kisha ganda likakatika kabisa, shaba ikalala juu ya bati.

Kijana aliniuliza swali la haki kabisa. "Kaka, boksi lina ethi, mlango umeshikwa na bawaba mbili za chuma, na bawaba zimefungwa kwenye boksi. Si ingepiga shoti na breka ikakata?"

Nikamwambia tuiulize bawaba yenyewe.

Boksi lilikuwa la mtumba. Kabla ya kulitundika, kijana alilisugua kutu akalipaka rangi ya mafuta mara mbili, nje na ndani, pamoja na bawaba. Rangi ni ganda kama lilivyo ganda la waya, haipitishi umeme. Ndani ya bawaba kulikuwa na vishikizo vya plastiki vya kuzuia mlango usilie. Na upepo wa bahari wa Mtwara unakula chuma kwa namna ambayo mtu wa bara haiamini mpaka aone. Nilipopima kwa maltimita kati ya boliti ya ethi na mlango, namba zilirukaruka: mara omu 2, mara 400, mara mita ikaonyesha hakuna njia kabisa, kutegemea mlango umeuegemeza wapi.

Hata ile omu 2 nisingeiamini. Maltimita inapopima omu hupitisha mkondo mdogo sana, kwa hiyo uzi mmoja wa shaba au ncha ya kutu iliyogusana inatosha kuidanganya. Kipimo cha kweli ni kupitisha mkondo wenye uzito. Nilichukua betri ya volti 12 ya bodaboda na balbu ya breki ya wati 21, nikaziunganisha kwa mfululizo kutoka boliti ya ethi mpaka kwenye mlango, sehemu niliyoikwaruza rangi. Balbu hiyo inavuta kama ampea 1.75, na betri ya volti 12 haimuumizi mtu. Kupitia bawaba, balbu iliwaka wekundu hafifu, ikazima, ikawaka tena nilipoutikisa mlango. Kijana alitazama balbu ile kimya. Sikuhitaji kumweleza zaidi.

Nilipima pia volti zenyewe, na hapa namwambia wazi mwenye nyumba yeyote: hiki kipimo si chako, ni cha fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, mwenye glovu na ubao mkavu chini ya miguu. Umeme ukiwa umewashwa, kati ya mlango na sufuria nilipata volti 228. Mita ya kisasa inaweza kusoma volti nyingi kwenye chuma kilichopata unyevu kidogo tu, na bisibisi ya tesita inawaka hata kwa uvujaji mdogo, kwa hiyo nilitaka kujua kama nyuma ya volti hizo kuna nguvu. Nikaweka balbu ya wati 60 kati ya vyuma viwili. Ikawaka, na volti zikashuka mpaka karibu 200. Hapo nikajua mambo mawili. Mlango umeshikwa na waya wa moto kabisa. Na volti zile thelathini na kidogo zilizopotea zimepotea ardhini, maana yake fimbo ya ethi ya nyumba hii, ile ya chuma iliyozamishwa ardhini, si nzuri. Nilipoazima kipima ethi siku iliyofuata, fimbo ilionyesha omu 140. Mchanga wa Naliendele mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijashika, ni mkavu mpaka ndani.

Omu 140 zinabadilisha hesabu yote, na mafundi wengi wanaofunga boksi kama hizi hawaifikii hesabu hii. Tuseme kijana angekuwa ameuwekea mlango waya wa ethi tangu mwanzo. Shaba inagusa bati, mkondo unakwenda kwenye fimbo: volti 230 kwa omu 140 ni ampea 1.6. Breka ya ampea 32 haitajua kwamba kuna jambo. Koili zitaendelea kupika, na mlango, sufuria, pampu na stendi vitakaa vyote pamoja na volti karibu 230 dhidi ya ardhi. Mama akigusa sufuria na mlango kwa pamoja hatapigwa, kwa sababu vina volti sawa. Lakini akiwa pekupeku kwenye sakafu iliyomwagikiwa maji, atapigwa na kila kimoja. Waya wa mlango unaondoa tofauti kati ya chuma na chuma. Kukata umeme ni kazi ya kifaa kingine.

Kifaa hicho ni swichi ya RCD, inayolinganisha umeme unaokwenda kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro, na kukata pale unaporudi pungufu. Ya kulinda watu ni ya milliampea 30. Kwa omu 140, milliampea 30 zinainua vyuma kwa volti 4.2 tu, kwa hiyo hata fimbo dhaifu kama ile inatosha kuiamsha. Nyumba ya mama haikuwa nayo.

Kijana akasema basi tuweke RCD, tuachane na habari za mlango. Nilimkatalia. Bila waya wa ethi mlangoni, shaba ikigusa bati hakuna mkondo unaovuja, kwa hiyo RCD inakaa kimya na mlango unasubiri. Mkondo wa kwanza kuvuja utakuwa ule unaopita kwa mama. RCD itakata, ndiyo, lakini baada ya kumtumia yeye kama waya. Mlango ukiwa na ethi, RCD inakata sekunde ileile ganda linapokatika, hata kama jikoni hakuna mtu. Vitu hivi viwili vinafanya kazi pamoja.

Pendekezo lake la pili lilinitia hofu zaidi, na nalisikia mara nyingi mno huku kwetu: kuunga ethi na nyutro ndani ya boksi ili shoti iwe kubwa na breka ikate. Usifanye hivyo. Siku nyutro inapokatika kabla ya boksi, kwenye nguzo au kwenye meini, mkondo wa koili utatafuta njia ya kurudi kupitia huo muungano, na vyuma vyote vya jikoni vitapata umeme huku kila kitu kikiwa kizima na bila shoti yoyote.

Sasa kazi yenyewe. Kanuni ninayoifuata imo kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 61439-1: mlango usio na kifaa cha umeme, au wenye vifaa vya volti ndogo tu, chini ya volti 50, unaweza kutegemea bawaba na skrubu za chuma. Mlango uliobeba kifaa cha volti 230 unatakiwa uhakikishiwe ethi, na njia iliyonyooka ni kuupa waya wake. Mlango huu ulikuwa na swichi mbili, taa mbili na kidhibiti joto, vyote vya volti 230. Kuhusu unene, mpaka ampea 20 waya wa ethi uwe sawa na waya wa umeme unaokwenda mlangoni, na kwa ampea 25 mpaka 32 uwe milimita za mraba 4. Swichi moja ya mlangoni ilikuwa inabeba koili moja, ampea 13, kwa waya wa 2.5, kwa hiyo 2.5 ingetosha. Nilitumia 4, kwa sababu waya unaokunjwa kila siku naupenda uwe na mwili.

Nilichagua waya wa kijani na njano wa nyuzi nyingi, laini, nikaubania vichwa vya pete pande zote mbili kwa koleo la kubania, si kwa plaizi. Kwenye mlango nilitoboa tundu jipya karibu na bawaba, nikafunga boliti ya shaba nyeupe ambayo haina kazi nyingine. Boliti inayoshika bawaba au swichi isitumike, maana siku mtu akibadilisha swichi ataiacha ethi inaning'inia. Rangi niliikwangua mpaka bati likang'aa, upana wa sarafu, mbele na nyuma, upande wa boksi vilevile. Washa yenye meno ikaingia pande zote ili iume chuma, kisha kichwa cha waya, washa ya springi, nati. Baada ya kukaza, si kabla, nikapaka grisi kuzuia chumvi na mvuke.

Urefu ndio watu wanaokosea. Mlango unafunguka mpaka mwisho, waya unatakiwa ubaki na tumbo, usivutike wala usibanwe na ukingo mlango ukifungwa. Niliuacha mrefu kuliko nyaya za moto na nyutro, ili siku mtu akiung'oa mlango kwa nguvu, ethi iwe ya mwisho kukatika.

Nyaya zote za mlangoni niliziondoa nikaweka laini, ndani ya bomba la plastiki la kukunjika, na ukingo wa bati nikauvika mpira. Koili niliitoa kwenye swichi ya mlango nikaipitisha kwenye kontakta, swichi kubwa inayowashwa kwa umeme mdogo, ndani ya boksi, kwa hiyo mlangoni sasa kuna ampea chache tu nyuma ya breka ndogo ya ampea 6. Boksi likasogezwa mbali na mvuke, na RCD ya milliampea 30 ikafungwa. Fimbo ya pili ya ethi ilizamishwa na kuungwa na ya kwanza, zikashuka mpaka omu 85. Mama aliuliza kama tumwagie chumvi, kama alivyoona kwa jirani. Nilimwomba tusifanye. Mvua za kwanza zinaiosha chumvi, na inayobaki inaila fimbo.

Tulipowasha, RCD ilikata kabla maji hayajapata vuguvugu. Kijana akanitazama kama kwamba mimi ndiye nimeharibu. Niliizima koili moja moja: ya kushoto ikapika salama, ya kulia ikakata tena. Ndani ya koili waya wa joto umezungukwa na unga mweupe, na unga huo ukipata unyevu kupitia ufa kwenye mdomo wa koili, umeme unavuja. Ile koili ilikuwa inavuja muda mrefu, na kwa sababu sufuria lina ethi hakuna aliyehisi. Kijana alitaka tuiruke RCD mpaka koili nyingine ipatikane mjini. Mama ndiye aliyemjibu, akamwambia atapika na koili moja. Lita 60 kutoka kwenye maji ya bomba mpaka nyuzi 67 kwa kilowati 3 ni karibu saa nzima badala ya nusu saa. Alipika hivyo kwa wiki mbili.

Kipimo cha mwisho siku ile kilikuwa cha balbu ya breki. Kutoka boliti ya boksi mpaka kona ya mbali ya mlango, balbu iliwaka nyeupe, haikutikisika nilipoufungua mlango na kuufunga mara ishirini. Maltimita kati ya boliti mbili za ethi, mkondo ukipita, ilisoma milivolti 9. Kwa ampea 1.75 hiyo ni kama sehemu tano za elfu ya omu.

Nilirudi Februari, mvua zikiwa zimenyesha vya kutosha. Kitufe cha kujaribia cha RCD kilikuwa kimechakaa maandishi kwa kubonyezwa. Nikazima umeme, nikafungua nati ya waya wa mlango kwa dakika chache, kijana akiwa ameshika betri. Kupitia bawaba, balbu haikuwaka kabisa, hata mlango ulipotikiswa. Nikaurudisha waya, nikakaza, balbu ikawaka. Kijana akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika tarehe na milivolti upande wa ndani wa mlango, chini ya zile za Novemba.